Anza na viwiko: jinsi ya kuchagua fremu ya TT na vipuri vyake

Anayetaka kuingia mbio dhidi ya saa, zile ambazo sisi waendeshaji tunaziita TT, huanza na picha. Atakutolea simu: fremu nyeusi iliyobapa kama panga, gurudumu la nyuma limezibwa lote, bei ya zamani imepigwa mstari mwekundu. "Kaka, hii inafaa?" Mimi humuuliza viwiko vyake vitakaa wapi. Wengi hulichukia swali hilo, maana walikuja kuzungumzia kaboni.

Lakini hewa haina habari na kaboni. Ukienda kilomita 40 kwa saa kwenye tambarare, sehemu kubwa mno ya nguvu zako inaishia kupasua hewa, na kinachoikinga hewa hiyo si fremu, ni wewe: kichwa, mabega na mapaja. Tena gharama yake haipandi polepole. Ukitoka kilomita 30 hadi 40 kwa saa, wati za kupambana na hewa peke yake zinazidi mara mbili.

Ushahidi maarufu ni wa tarehe 23 Julai 1989, siku ya mwisho ya Tour de France, kilomita 24.5 kutoka Versailles hadi Paris. Greg LeMond alikuwa nyuma ya Laurent Fignon kwa sekunde 50. LeMond alifunga mikono ya mbele, yaani vyuma vinavyotokeza mbele ya usukani ili ulaze viwiko, iliyotoka kwenye triathlon (mbio za kuogelea, baiskeli na kukimbia), akakusanya viwiko na kuinamisha kichwa chenye helmeti. Fignon alipanda kichwa wazi, nywele zimefungwa mkia, mikono imetanuka kwenye usukani wa pembe. LeMond akashinda Tour kwa sekunde 8.

Kwa hiyo fremu nzuri ya TT kwangu ni ile inayoubeba mkao wako bila kuulazimisha, na ambayo ikiharibika Jumanne unaweza kuitengeneza kabla ya Jumapili. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa mpangilio wa kutumia pesa. Usizirukeruke.

Hatua ya 1: Pima mkao kabla ya kutafuta fremu

Chukua baiskeli yako ya kawaida ya barabarani. Azima au nunua ile jozi ya mikono yenye mito ya viwiko inayofungwa juu ya usukani. Funga gurudumu la nyuma kwenye stendi ya mazoezi ya ndani.

Sasa sogeza kiti mbele. Kwenye baiskeli ya barabarani bomba la kiti huinama kwa pembe ya nyuzi 73 hivi, kwa hiyo unakaa nyuma ya krenki, ile mikono inayozungushwa na pedali. Ukiinama hapo, goti linapanda hadi tumboni na nyonga inajikunja mpaka misuli inakosa nafasi. Fremu za TT huwa na nyuzi 76 hadi 80. Ni kama mtu mzima, kiti na kiwiliwili, amezungushwa mbele akiwa ameshikiliwa kwenye ekseli ya krenki: kifua kinashuka, lakini nafasi kati ya paja na tumbo inabaki ileile. Sentimita 4 hadi 6 mbele zinatosha kuanzia. Reli za kiti zikigoma, na nguzo yako ya kiti ni ile iliyopinda kwenda nyuma, igeuze itazame mbele. Haipendezi machoni, ila kwa kupimia inafaa. Kumbuka kulinda umbali kutoka ekseli ya krenki hadi pale unapokalia. Kiti kikienda mbele bila kuinuliwa kidogo, umbali huo unapungua.

Panda, laza viwiko, kanyaga kwa nguvu ya mbio kwa dakika 20. Mkao unaouvumilia dakika 3 ni wa kupigia picha. Ukihisi kama unasukumwa uteleze mbele, au shingo inaungua dakika ya kumi, inua mito sentimita moja na urudie. Nimeona vijana wanashusha mito hadi chini kabisa kwa kuwaiga wataalamu wa Ulaya, halafu kwenye mbio wanatumia nusu ya muda wameinuka kushika usukani wa chini, ambapo wanapata hewa yote kifuani.

Ukishaupata mkao, tafuta timazi ya fundi ujenzi. Ning'iniza uzi upite katikati ya ekseli ya krenki, baiskeli ikiwa sambamba na sakafu. Pima vitu viwili: kimo, yaani kutoka usawa wa ekseli ya krenki hadi juu ya mto wa kiwiko, na umbali wa mbele, kutoka kwenye uzi hadi katikati ya mto. Mimi nina urefu wa sentimita 172, na vipimo vyangu ni milimita 605 kwa kimo na 455 kwa mbele. Andika vyako. Tangu hapo hakuna muuzaji atakayekudanganya kwa herufi M au L.

Hatua ya 2: Soma jedwali la fremu

Kila kampuni inayojiheshimu hutoa jedwali la vipimo. Acha mengine yote, tazama mistari miwili. Steki ni kimo kutoka ekseli ya krenki hadi juu ya bomba la kichwa la fremu. Richi ni umbali wa kulala kutoka ekseli hiyohiyo hadi hapo juu.

Hesabu inakwenda hivi, kwa vipimo vyangu. Fremu yenye steki ya 515: juu yake kuna kifuniko cha beringi, milimita 15. Juu ya hapo kuna usukani wenye mito ambayo, ikiwa chini kabisa, inakaa milimita 50 juu. Jumla 580. Nahitaji 605, kwa hiyo naongeza vipande vya kuinulia vya milimita 25, na nimebaki na nafasi ya kushuka mwili ukizoea. Hiyo ndiyo fremu yangu. Fremu yenye steki ya 475 ingenidai milimita 65 za vipande, vimepangwa kama chapati hotelini, na usukani ungetikisika. Yenye steki ya 560 isingenifaa kabisa, hata ingetolewa bure: mito yake ya chini kabisa ingekuwa juu ya viwiko vyangu, na bomba la kichwa halipunguziki.

Richi ina ruhusa kidogo zaidi kwa sababu mito husogezwa mbele na nyuma, na shina la usukani, kile kipande kinachoushikilia, hubadilishwa. Au halibadilishwi, na hilo linatupeleka mahali ambapo watu wengi hulia.

Hatua ya 3: Uliza ni vipuri gani havina mbadala

Fremu za TT zina ugonjwa wa kujitengenezea kila kitu. Nguzo ya kiti ina umbo lake, kabari inayoibana ina umbo lake, shina la usukani limeungana na fremu, breki zimefichwa ndani ya uma wa mbele. Kwenye jiji lenye wakala wa kampuni hiyo, ni usumbufu. Kwetu ni balaa.

Fremu yangu ya kwanza niliinunua mtumba kutoka Uingereza, ikaja kwenye sanduku la mtu aliyekuwa anarudi nyumbani. Nzuri, nyepesi, vipimo sawa. Kitu kinachoshikilia nguzo ya kiti kilikuwa kabari ya alumini, ndogo kama punje ya kokwa ya embe, yenye bolti moja ya kukaza kutoka juu. Mwezi wa pili kichwa cha bolti kikalika, alenki ikawa inazunguka bure. Fundi wangu akaitoboa kwa drili, bolti ikatoka, kabari ikapasuka. Hakuna aliyekuwa nayo Nairobi. Hakuna aliyekuwa nayo Kampala. Toleo lile lilikuwa limeshaachwa kutengenezwa. Tulijaribu kuchonga nyingine kwa kinu cha chuma, na ya tatu ndiyo iliyoshika. Wiki tisa fremu ya kaboni ilining'inia ukutani kwa sababu ya chuma kinachoingia kwenye kiganja cha mtoto.

Tangu siku hiyo, kabla ya kulipa, huuliza mambo haya. Shina la usukani ni la kawaida, la kipenyo kinachouzwa popote, au ni la fremu hiyo tu? Kabari ya nguzo ya kiti bado inapatikana? Ninunue ya akiba sasa hivi, pamoja na kile kipande cha chuma chembamba cha nyuma kinachobeba derela (ile inayohamisha mnyororo), kwa sababu hicho huvunjika kwanza baiskeli ikianguka upande wa kulia. Beringi za krenki zinafungwa kwa nyuzi kama skrubu, au zinapigwa ndani ya kaboni? Za kupigwa hulia kwii-kwii zikiingia vumbi, na zinataka kifaa chake cha kuzitolea. Napendelea za nyuzi, hata fremu ikiwa nzito kidogo.

Halafu breki. Fremu mpya karibu zote ni za diski. Kwa hiyo zile za breki za ringi, ambazo mabingwa walishindia hadi miaka michache tu iliyopita, zimeporomoka bei. Kwa mtu mwenye bajeti ya kawaida, hapo ndipo penye nyama. Hewa haijui tofauti kubwa kati yake. Ila angalia masharti mawili. Breki iwe ya aina inayouzwa peke yake madukani, si ile iliyobuniwa kwa fremu hiyo pekee. Na iliyofichwa chini karibu na krenki uikatae kama utapanda kwenye mvua na tope, kwa sababu huko ndiko tope lote huenda. Sharti la pili ni upana wa tairi. Fremu nyingi za zama zile hazipitishi zaidi ya milimita 25, na ringi pana za siku hizi zinaivimbisha tairi kuliko namba iliyoandikwa ubavuni.

Hatua ya 4: Kagua mtumba kwa masikio

Kama fremu iko mbele yako, ivue kila kitu na uifute. Chukua sarafu, ile ya shilingi 20 inafaa, gonga taratibu kila sentimita mbili. Kaboni nzima hutoa mlio mkavu, tik tik. Palipopasuka ndani mlio unazima, kama unagonga kadibodi. Usiharakishe panapokutana bomba la kichwa na bomba la chini, kuzunguka beringi za krenki, na juu ya bano la nguzo ya kiti, ambapo watu hukaza kupita kiasi. Ufa wa rangi peke yake huishia kwenye rangi; ufa wa kaboni ukiupitishia ukucha unaushika.

Kama iko mbali, mwambie muuzaji arekodi video akiishusha na kuipandisha nguzo ya kiti, na akizungusha uma. Anayekataa kuigusa nguzo ya kiti pengine anajua imegandia. Na fremu "mpya" ya jina kubwa kwa robo ya bei si bahati, ni nakala.

Ukikusudia mbio zinazofuata kanuni za UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, tafuta kibandiko cha idhini kwenye fremu. Utaratibu huo ulianza 2011. Baiskeli nzima isipungue kilo 6.8, jambo ambalo kwa TT halikusumbui kwa kuwa nyingi ni kilo 8 na zaidi. Kinachowakamata watu ni mikono ya mbele. Tangu 2023 urefu wake hutegemea kimo cha mpandaji: chini ya sentimita 180, mwisho wa mkono usizidi sentimita 80 mbele ya ekseli ya krenki, 180 hadi 189 ni 83, kuanzia 190 ni 85. Triathlon ina kanuni zake, zilizo huru zaidi. Uliza waandaaji kabla hujakata bomba lolote.

Hatua ya 5: Usukani na mito

Kama fremu imekuja bila usukani, hapa ndipo pa kutumia pesa kuliko hata fremu. Tafuta mito inayosogea pande zote: juu, mbele, upana, na inayoweza kuinamishwa. Mikono ya mbele iliyoinuka kwa nyuzi 10 hadi 20 humsaidia mtu mwingi kupumzisha mabega, na mikono iliyoinuka hufunga pengo kati ya kidevu na viganja ambamo hewa ilikuwa inaingia. Mito iliyo karibu sana si lazima iwe ya kasi. Jaribu.

Pia kumbuka breki zipo kwenye usukani wa chini, si kwenye mikono ya mbele. Kutoka kwenye mito hadi kwenye breki ni kama sekunde moja, na tuta lisilopakwa rangi halikusubiri. Bodaboda pia. Mazoezi ya mkao huo yafanyie barabara tulivu alfajiri. Mjini shika chini.

Hatua ya 6: Kiti, krenki, gia

Ukizunguka mbele, unakalia mifupa ya mbele ya nyonga, si makalio. Kiti cha kawaida kitakutia ganzi. Vya pua fupi au pua iliyogawanyika ndivyo vinavyofaa, na hakuna anayeweza kukuchagulia. Azima vitatu.

Krenki fupi ni dawa ya bei nafuu. Ukitoka 172.5 kwenda 165, goti linashuka kwa milimita 7.5 juu ya mzunguko, na kiti kikiinuliwa kwa kiasi hichohicho nyonga inapata nafasi ya ziada. Hupotezi nguvu unayoweza kuihisi.

Sproketi moja kubwa mbele ni nadhifu, inafaa tambarare. Lakini fikiria njia yako. TT ya wanaume kwenye mashindano ya dunia ya Kigali, Septemba 2025, ilikuwa kilomita 40.6 yenye zaidi ya mita 600 za kupanda, na mlima wa mawe wa Kimihurura karibu na mwisho. Hapo ndipo Remco Evenepoel alipompita Tadej Pogačar, aliyeanza dakika mbili na nusu kabla yake. Mpandaji wa kawaida kwenye mlima ule anahitaji sproketi mbili mbele na kaseti yenye meno 30 nyuma, bila aibu.

Watu huniuliza kama milima hiyo haiamrishi fremu nyepesi. Piga hesabu. Kilo moja ya ziada kwenye mita 680 za kupanda, kwa mtu wa wati 250, ni kama sekunde 27, na sehemu yake anarudishiwa mteremkoni. Mkao bora kidogo tu, ambao ungepunguza kizuizi cha hewa kwa asilimia 7 hivi, humpa zaidi ya dakika moja kwenye saa moja ya tambarare. Fremu nyepesi isiyokutosha ni hasara mara mbili.

Kubadilisha gia kwa waya kunakubalika kama njia ya waya ndani ya fremu haina kona kali. Ikiwa nazo, gia zitakuwa nzito daima, na hapo gia za umeme zinahalalisha bei yake. Chaji betri usiku wa kuamkia mbio; nimemwona mtu akimaliza kilomita 30 kwa gia moja.

Hatua ya 7: Tairi kwanza, magurudumu baadaye

Ukiwa na pesa kidogo iliyobaki, nunua tairi mbili za mbio na tyubu za lateksi, au mfumo usio na tyubu. Ukilinganisha na tairi ngumu za mazoezi, jozi hiyo inaweza kukupa zaidi ya wati 10 bila kubadilisha kitu kingine. Lateksi hupoteza upepo kwa usiku mmoja, kwa hiyo jaza asubuhi. Na usijaze mpaka ikawa jiwe. Lami yetu nyingi ni ya kokoto zilizotokeza; tairi ngumu mno hurukaruka juu yake, na kila kuruka ni nguvu iliyopotea. Mtu wa kilo 70 kwenye tairi ya milimita 28 aanzie psi 70 na kushuka.

Magurudumu yaje mwisho. Diski ya nyuma, yaani gurudumu lililozibwa lote, ni salama kuliko inavyoonekana, kwa kuwa gurudumu la nyuma halielekezi usukani. La mbele ndilo lenye fujo. Kwenye barabara ya Kiserian kwenda Isinya, upepo wa ubavuni ukitoka nyuma ya kilima hukupokonya usukani, na mikono ikiwa imelala kwenye mito huna nguvu ya kubishana nao. Pwani nako kusi likivuma hali ni hiyohiyo. Mtu mwepesi atosheke na kina cha milimita 50 au 60 mbele. Nyuma, kama unashiriki triathlon, kifuniko cha plastiki juu ya gurudumu la spoki kinafanya kazi kubwa ya diski kwa bei ndogo. Mbio za UCI hazikiruhusu.

Hatua ya 8: Funga, jaribu, ndipo ukate

Kaboni dhidi ya kaboni hupakwa ile losheni yenye chembechembe inayozuia kuteleza, si grisi. Kaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye sehemu husika, mara nyingi Nm 5. Zungushia nguzo ya kiti utepe pale inapoingia kwenye fremu: ikiteleza milimita mbili utaona.

Kisha tafuta mteremko ulionyooka usio na magari, siku isiyo na upepo. Anzia kwenye kalavati ileile, bila kukanyaga, mkao mmoja kila safari, na usome kasi mahali palepale chini. Rudia mara tano kwa kila mkao, kwa sababu safari moja hudanganya. Mimi niligundua hivi kwamba kuinua mikono ya mbele kulinipa kasi kuliko kushusha mito, kinyume cha nilichoapia kwa mwaka mzima.

Bomba la uma liache refu kwa wiki tatu za kwanza, na vipande vya ziada vipangwe juu ya shina. Mito ikiwa haijasogea na shingo imenyamaza, funga tepu pa kukata, milimita 3 chini ya ukingo wa juu wa shina, lowesha msumeno wa meno madogo, vaa barakoa, ukate ukizunguka bomba badala ya kupitiliza moja kwa moja, nyuzi za kaboni zisichanike upande wa pili.